Je, wajua kwa nini baadhi ya Wakristo husema dhiki kuu ya Mathayo 24 ilishapita?

Wanafunzi wa Yesu walikuwa wakimwonyesha majengo. Hekalu la Yerusalemu, lililojengwa upya kwa fahari na Herode Mkuu, lilikuwa kitu cha kumfanya mtu asimame na kukodoa macho. Katika kuta zilizoshikilia uwanja wake liko jiwe moja, hadi leo, lenye urefu wa zaidi ya mita 13. Yesu akawajibu kwamba halitasalia jiwe juu ya jiwe. Baadaye, wakiwa wameketi juu ya Mlima wa Mizeituni, wakamwuliza faraghani: mambo hayo yatakuwa lini?

Jibu lake ndilo sura ya 24 ya Mathayo, ambayo Marko 13 na Luka 21 nazo zinaisimulia. Humo mna vita na njaa, matetemeko, manabii wa uongo, dhiki ambayo haijapata kutokea, jua kutiwa giza, nyota kuanguka, na Mwana wa Adamu akija juu ya mawingu. Wengi wetu tumelelewa tukiisikia sura hii kama habari za kesho. Vita vipya vikizuka popote, mhubiri hufungua hapo. Lakini karibu na mwisho wa maneno hayo kuna sentensi ambayo mara nyingi husomwa harakaharaka: "Kizazi hiki hakitapita, hata hayo yote yatimie."

Kizazi kipi? Swali hilo dogo ndilo chimbuko la usomaji unaoitwa wa kipreteristi, jina lililotokana na neno la Kilatini lenye maana ya kitu kilichopita. Wapreteristi hujibu kwamba ni kizazi kilekile kilichokuwa kikimsikiliza. Yesu alisema hayo karibu na mwaka 30. Mwaka 70, watu wengi wa rika lile wakiwa bado hai, jeshi la Roma likaibomoa Yerusalemu na kuliteketeza Hekalu. Kwa hiyo unabii ulitimia, tena ndani ya muda uliotajwa.

Wapo wanaojibu kwamba "kizazi" hapo ni taifa la Wayahudi, au ni watu watakaokuwa hai dalili zitakapoanza. Nimeyapima majibu hayo na sioni yanasimama juu ya nini. Mathayo analitumia neno hilo mara nyingi, na kila Yesu anaposema "kizazi hiki" anawanyoshea kidole watu wa siku zake. Sura moja tu kabla ya hapo, akiwakemea waandishi na Mafarisayo, anasema mambo hayo yote yatakuja juu ya kizazi hiki, na hakuna anayeuliza ni kipi. Katika sura ya 16 anasema wapo waliosimama pale ambao hawataonja mauti kabla ya kumwona Mwana wa Adamu akija katika ufalme wake. Kwa nini neno lililo wazi kote lifumbwe mahali pamoja tu?

Tena yatazame maagizo yenyewe. Walio Uyahudi wakimbilie milimani. Aliye juu ya dari asishuke kuchukua vitu. Ombeni kukimbia kwenu kusiwe wakati wa baridi, wala siku ya sabato. Maagizo hayo ni ya watu wenye nyumba za dari bapa, katika jimbo moja dogo, ambako sabato inaweza kumzuia mtu safari. Kama dunia nzima ingekuwa inafikia ukomo, kukimbilia milimani kungemsaidia nani? Na Yesu anaongeza kwamba dhiki ya namna ile haitakuwapo tena kamwe, maneno yanayodai kwamba baada yake siku zingine zitafuata.

Luka anaiweka wazi zaidi. Pale Mathayo anapotaja "chukizo la uharibifu", Luka anaandika kwamba mtakapoona Yerusalemu umezungukwa na majeshi, jueni uharibifu wake umekaribia. Msomaji makini atauliza: mji ukishazingirwa, mtu atatokaje? Historia ina jibu la kushangaza. Maasi ya Wayahudi dhidi ya Roma yalianza mwaka 66. Mwaka huohuo Cestius Gallus, liwali wa Kirumi wa Shamu (Siria), aliufikia mji na majeshi yake, akaushambulia, kisha akarudi nyuma ghafla na kupigwa vibaya njiani kule Beth Horon. Mlango ukafunguka. Eusebius, mwanahistoria wa kanisa wa karne ya 4, anasimulia kwamba Wakristo wa Yerusalemu waliuhama mji kabla ya maangamizi wakaenda Pella, ng'ambo ya Yordani. Wako wanahistoria wanaoitilia shaka habari hiyo ya Pella. Kwamba Gallus alikuja akaondoka, hilo halibishaniwi.

Warumi walirudi. Jemadari wao Vespasian aliingia Galilaya mwaka 67. Kaisari Nero alipojiua mwaka 68, Roma ikatumbukia katika vita vya kugombea kiti, na mwaka 69 ukaona watawala wanne. Vespasian alipokuwa kaisari, kazi ya Yerusalemu akamwachia mwanawe Titus, aliyeuzingira mji majira ya Pasaka ya mwaka 70, ukiwa umefurika mahujaji. Ndani ya kuta, makundi ya waasi yalikuwa yakiuana yenyewe kwa yenyewe na kuchomeana akiba za nafaka. Njaa iliyofuata inasimuliwa na Josephus, Myahudi aliyekuwa kamanda Galilaya kabla ya kujisalimisha kwa Warumi, na ambaye wakati huo alikuwa upande wa Titus. Kurasa zake ni nzito kusomeka. Anamtaja hata mama aliyemla mtoto wake mwenyewe. Hekalu liliungua mwezi Agosti, na mji wote ukawa mikononi mwa Warumi mwezi Septemba. Josephus anasema waliokufa walikuwa 1,100,000 na waliochukuliwa mateka 97,000. Idadi ya waliokufa wanahistoria wengi huiona imetiwa chumvi, lakini hata ukiipunguza vipi, msiba unabaki ule ule. Tao la Titus bado limesimama Roma, na juu yake vimechongwa vyombo vya Hekalu vikibebwa kama ngawira, kinara cha matawi saba kikiwemo. (Ukuta wa Magharibi wanakosali Wayahudi leo ni sehemu ya kuta zilizoshikilia kiwanja; majengo ya Hekalu yaliyokuwa juu yake hayapo.)

Hapo ndipo pingamizi kubwa linapokuja, nalo ni la haki: sawa, mji ulianguka, lakini nyota hazikuanguka, na hakuna aliyemwona Yesu juu ya mawingu.

Wapreteristi husema: wasome manabii kwanza. Isaya 13 inasema nyota hazitatoa nuru yake, jua litatiwa giza na mwezi hautaangaza. Ni unabii juu ya Babeli, na mistari michache mbele anawataja Wamedi kuwa ndio watakaoipindua. Ezekieli 32 inafunika mbingu na kuzitia nyota giza kwa ajili ya Farao. Isaya 34 inakunja mbingu kama karatasi, kisha upanga unashuka juu ya Edomu. Zaburi ya 18 inamwelezea Mungu akiziinamisha mbingu na kushuka, misingi ya dunia ikitetemeka, na anwani ya zaburi inasema Daudi aliiimba siku alipookolewa na mkono wa Sauli. Hakuna anayedhani kwamba Babeli ilipotekwa nyota zilidondoka. Hiyo ilikuwa lugha ya manabii ya kusema kwamba dola imezimwa. Sisi nasi tukisimulia maafa husema "ilikuwa kiama", na msikilizaji haulizi mbona makaburi hayakufunguka. Mtu akifilisika twasema nyota yake imezimika. Wayahudi waliomsikiliza Yesu walilelewa na Isaya tangu utoto, na waliijua lugha hiyo kuliko tunavyoijua sisi.

Na mawingu? Isaya 19 inasema Bwana amepanda wingu jepesi anafika Misri. Aliyeonekana Misri ni adui, na hukumu ilikuwa ya Mungu. Lakini kwangu mimi andiko lenye uzito kuliko yote ni Danieli 7, ambako maneno ya Yesu yametoka. Pale aliye mfano wa mwanadamu anakuja na mawingu, na anakwenda kwa nani? Kwa Mzee wa Siku, yaani Mungu, kupewa mamlaka na ufalme. Safari inaelekea kwenye kiti cha enzi. Yesu alipomwambia kuhani mkuu kwamba "mtamwona" Mwana wa Adamu ameketi mkono wa kuume wa nguvu, akija juu ya mawingu, alikuwa akimwambia mtu aliyesimama mbele yake, aliyekuwa anamhukumu, kwamba hukumu itageuka. Nilipoliona hilo mara ya kwanza niliirudia Danieli 7 mara kadhaa, kwa sababu nilikuwa nimeisoma kinyume miaka yote.

Dalili nyingine zinaingia bila kulazimishwa. Njaa: Matendo 11 inataja ile ya siku za Kaisari Klaudio. Manabii wa uongo: Theuda yumo katika Matendo 5, yule Mmisri katika Matendo 21, na Josephus anasimulia juu ya watu wenye majina hayo. Injili kuhubiriwa ulimwenguni kote: Paulo, kabla ya mwaka 70, tayari anawaambia Warumi kwamba imani yao inatangazwa katika dunia nzima. Josephus anataja pia nyota yenye umbo la upanga na magari ya vita yaliyoonekana mawinguni. Baadhi ya wapreteristi huyashangilia sana hayo. Mimi nisingeyategemea, hoja ni nzito ya kutosha bila ishara za angani.

Kitabu cha Ufunuo ndicho kigumu zaidi. Kinaanza kwa kusema mambo hayana budi kuwako upesi na kwamba wakati u karibu, na kinamalizika kwa Yohana kuambiwa asiyatie muhuri maneno yake. Danieli aliambiwa kinyume chake: akitie kitabu muhuri, kwa kuwa wakati ulikuwa mbali. Hesabu ya yule mnyama wa kitabu hicho, 666, nayo inavutia. Jina Nero Kaisari likiandikwa kwa herufi za Kiebrania, ambazo kila moja ina thamani ya namba, Nero inatoa 306 na Kaisari 360, jumla 666. Ukiliandika Nero kwa namna ya Kilatini, herufi moja ya mwisho inadondoka, yenye thamani ya 50, na unapata 616. Na ziko nakala za kale za Ufunuo zenye 616 mahali pa 666! Lakini upo mwiba: Askofu Irenaeus, karne ya 2, aliandika kwamba maono hayo yalionekana mwishoni mwa utawala wa Kaisari Domitian, yaani miaka ya 90, na wasomi wengi humfuata. Kama ni hivyo, kitabu hakiwezi kuwa kilitabiri anguko la mwaka 70. Wapreteristi wana majibu yao, ila hapa nakiri kwamba ushahidi wao ni mwembamba kuliko katika Mathayo.

Mara nyingi husemwa kwamba usomaji huu ulibuniwa na Mjesuti (mtawa wa shirika la Kikatoliki) wa Hispania, Luis de Alcázar, ambaye kazi yake juu ya Ufunuo ilitoka mwaka 1614, ili kumwokoa Papa mikononi mwa Waprotestanti waliomwita mnyama. Ni kweli kwamba yeye ndiye aliyeupanga kwa utaratibu kuhusu Ufunuo. Ila Eusebius alikwisha kuyaunganisha maneno ya Yesu na anguko la Yerusalemu zaidi ya miaka 1,200 kabla yake.

Kuna jambo ambalo sitaki lipite kimya. Wakristo wengi katika historia waliutumia mwaka 70 kuwachukia Wayahudi, wakidai Mungu aliwatupa. Anayesoma hivyo hajamsoma Luka 19, ambako Yesu anauona mji na kuulilia. Waliomfuata na waliokimbia walikuwa Wayahudi, na wengi wa walioandika habari hizi pia.

Sasa, wapreteristi si wamoja. Wako wanaosema kila kitu kilimalizika mwaka 70: ujio, ufufuo, hukumu. Hao siwezi kufuatana nao. Paulo anawataja Himenayo na Fileto waliosema kiyama, yaani ufufuo, imekwisha kuwapo, na anasema wameikosa kweli. Ufufuo wa 1 Wakorintho 15 ni wa miili, na mauti bado inatuzika kila siku. Kundi la pili, ambalo mwanatheolojia wa Marekani R. C. Sproul alikuwa miongoni mwa watetezi wake, linasema dhiki ya Mathayo 24 ilishapita, lakini Kristo atakuja tena kuwahukumu wazima na wafu, kama kanisa linavyokiri.

Mpaka kati ya yaliyopita na yajayo uko wapi basi? Wengi huuweka kwenye mstari wa 36: "siku ile na saa ile" hakuna aijuaye. Kabla ya hapo kuna dalili na agizo la kukimbia. Baada ya hapo dalili hakuna: watu wanakula, wanakunywa, wanaoa, kama siku za Nuhu. Ni mgawanyo unaoniridhisha ninaposoma Mathayo peke yake. Lakini Luka 17 inawaweka Nuhu na yule mtu wa juu ya dari katika maneno yale yale, mistari michache tu kati yao, na hapo mpaka wangu unayumba.