"Mimi Sina Cha Kuibiwa": Dhana Potofu Kuhusu Data, Akili Mnemba na Usalama wa Mtandao Mjini Tanga

Ukikaa nusu saa kwenye kibanda chochote cha wakala hapa Ngamiani, utaliona daftari. Ni daftari la kaunta la kawaida, lenye mistari iliyopigwa kwa rula: jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho, kiasi, saini. Liko wazi juu ya meza na kalamu yake imefungwa uzi. Anayekuja kutoa hela anajaza mstari wake huku macho yanapita kwa waliomtangulia. Fulani wa Makorora katoa laki nne saa tatu asubuhi, na namba yake ndiyo hii. Hakuna aliyedukua chochote.

Naanza na daftari kwa sababu mazungumzo mengi ya akili mnemba na usalama wa mtandao yanaanzia mbali mno, kwenye roboti na wadukuzi wa nchi za watu, na kwa kuangalia mbali tunaacha mlango wetu wazi. Kazi yangu ni kuwawekea kompyuta wafanyabiashara wadogo wa mjini na kuwatengenezea zikiharibika. Hizi ndizo kauli ninazozisikia kwao, na ndivyo mambo yalivyo.

"Sina hela, wataniibia nini?"

Hii naisikia kuliko zote. Mama anayeuza samaki Deep Sea atakwambia simu yake ina elfu saba, nani atahangaika naye?

Tapeli hatafuti hela yako peke yake. Anatafuta laini isiyobeba jina lake. Tangu mwaka 2019 laini za simu Tanzania zinasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, kwa hiyo ni lazima apate jina la mtu mwingine, na jina rahisi kupatikana ni la yule anayejiona hana cha kuibiwa. Ujanja wenyewe unajulikana. Unasajili laini kwa kijana wa mwamvuli, unaweka kidole, anakwambia hakijasoma, futa jasho uweke tena. Kumbe cha kwanza kilishasoma. Cha pili kimesajili laini nyingine ambayo hutaiona kamwe, na siku ikitumika kumliza mtu Mbeya, uchunguzi unaanza na jina lako.

Piga *106# ufuate maelekezo, utaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiikuta usiyoijua, nenda na kitambulisho kwenye duka la mtandao husika waifute.

Kuna mlango mwingine ambao watu hawaufikirii: steshenari. Mtu anaomba kazi au anafungua akaunti, anatakiwa kopi ya kitambulisho. Anakipiga picha, anaituma WhatsApp kwa namba iliyobandikwa mlangoni, analipa, anachukua karatasi yake na kuondoka. Picha inabaki. Nimefungua kompyuta nyingi za steshenari kuzisafisha virusi, na kwenye folda la vilivyopakuliwa nakuta vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, hati za viwanja, majibu ya hospitali, vyote vimerundikana kwa miaka. Mwenye duka hana nia mbaya hata kidogo. Hajawahi kuambiwa avifute.

Zamani rundo hilo lilikuwa na kinga moja, nayo ni uchovu: hakuna mwizi ambaye angekaa kuchambua picha elfu mbili, moja baada ya nyingine. Kinga hiyo imeondoka. Programu za sasa zinasoma maandishi ndani ya picha na kuyapanga kwenye jedwali, jina, tarehe ya kuzaliwa na namba, bila mtu kugusa kitu. Kwangu mimi hili ni badiliko kubwa kuliko roboti zote zinazoonyeshwa kwenye runinga. Taarifa zilizolala ovyo kwa miaka zimegeuka kuwa mali. Kwa hiyo ukiprinti kitambulisho, mwombe kijana akifute mbele yako, kwenye WhatsApp na kwenye kompyuta. Hatakasirika.

"Matapeli wana mitambo ya kuingia kwenye simu"

Mitambo ya namna hiyo ipo. Pegasus, ya kampuni ya NSO ya Israeli, ni mfano unaojulikana, na kampuni yenyewe inasema inawauzia wateja wa serikali. Mwizi wa salio lako hana kitu kama hicho wala hakihitaji. Yeye anaomba, na sisi tunampa.

Angalia ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Anayeutuma hakujui. Anaurusha kwa maelfu ya watu akijua kwamba kati yao wapo ambao muda huohuo wana hela ya kutuma. Mnunuzi wa machungwa anayesubiri namba ya mkulima wa Muheza akiupata asubuhi hiyo, kwake unaonekana umetoka kwa mkulima. Ndivyo ilivyo pia kwa tarakimu sita ambazo WhatsApp hutuma kuthibitisha namba yako: mtu anakuandikia, pengine kwa akaunti ya rafiki yako iliyokwisha kuibwa, kwamba kakosea na namba zake zimekuja kwako, umsomee tu. Ukimsomea, akaunti yako imehama. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye mipangilio ya WhatsApp, ili tarakimu hizo peke yake zisitoshe.

"Sauti nimeisikia kwa masikio yangu"

Hapa ndipo akili mnemba imeubadilisha utapeli kweli. Zamani tapeli alijiumbua kwa Kiswahili kibovu au kwa lafudhi isiyofanana na mtu anayejifanya. Sasa programu inamwandikia barua safi yenye salamu na adabu zote, na zipo nyingine zinazoiga sauti ya mtu kutokana na sekunde chache za sauti yake halisi. Sekunde hizo tunazigawa wenyewe, kwenye TikTok, kwenye "status", kwenye jumbe za sauti za makundi ya harusi.

Mwaka 2024 mfanyakazi wa ofisi ya Hong Kong ya kampuni ya uhandisi ya Arup alihamisha takriban dola milioni 25 za Marekani baada ya kikao cha video. Alimwona mkuu wake wa fedha, akawaona na wenzake wengine, akawasikia wakizungumza. Wote walikuwa bandia. Huyo ni mtu wa ofisi mwenye taratibu za malipo. Mfikirie sasa shangazi yako wa Pangani, anapigiwa usiku na sauti ya mwanawe: "Mama, nimepata ajali, tuma haraka kwa namba hii ya daktari."

Kinga yake haihitaji teknolojia. Kata simu, kisha wewe mwenyewe upige namba ya mwanao uliyoizoea. Isipopokelewa, mpigie ndugu anayekaa naye. Na familia ikubaliane swali moja ambalo jibu lake halijawahi kuandikwa popote. Wazee wetu wanalielewa hili haraka ukiwaelezea kwa utulivu, bila kuwatisha. Naomba kila anayesoma hapa awaeleze wa kwao wiki hii, kwa sababu wao ndio wanaopigiwa.

"App ya mkopo inataka ruhusa tu, nikubali nipate hela"

Ruhusa hiyo ndiyo dhamana. Ukiiruhusu isome majina kwenye simu, inayachukua yote: baba mkwe, mwalimu wa mtoto, mwenyekiti wa kikoba. Ukichelewa kulipa siku mbili, wao ndio wanaoanza kutumiwa jumbe kwamba wewe ni mwizi. Nimeona ndoa zikiyumba kwa mkopo wa elfu hamsini. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha kidijitali bila leseni yake. Kabla ya kupakua, tafuta kama mkopeshaji ana leseni ya BoT. Na hata akiwa nayo, mkopo hauhitaji orodha ya ndugu zako. Kataa ruhusa hiyo.

"Sheria ya taarifa binafsi ni ya mabenki na kampuni za simu"

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 1, 2023. Inasimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Aprili 2024. Haikuandikwa kwa wakubwa tu. Inamgusa anayekusanya na anayechakata taarifa za watu, na inamtaka ajisajili kwa Tume. Zahanati ya Chumbageni yenye majalada ya wagonjwa imo. Shule binafsi inayobandika Facebook picha za watoto na majina yao imo, na saccos pia, na nyumba ya wageni yenye kitabu cha wateja.

Mambo mawili ndani yake yangebadilisha mengi kama watu wangeyajua. Kwanza, taarifa iliyochukuliwa kwa kazi moja haitumiki kwa nyingine bila msingi wa kisheria. Namba uliyoiandika kwenye daftari la wakala ni ya muamala. Kuichukua ili kukusalimia usiku ni kosa, na wanawake wengi wa mji huu wanajua ninachokisema. Ni amana, na mwenye kibanda anawajibika nayo. Wakala anaweza kufunika mistari ya juu kwa kipande cha boksi. Hilo tu, leo hii.

Pili, sheria inakupa haki kuhusu maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake. Mkopo wa simu haupimwi na mtu aliyekaa ofisini akakutafakari. Programu inaangalia unaweka kiasi gani, unatoa mara ngapi, ulilipa lini, kisha inatoa kiwango. Mvuvi ambaye hela yake inaingia kwa msimu wa upepo anaweza kuonekana hafai, wakati bosi wa mwaloni anamjua kuwa ni mwaminifu. Una haki ya kuuliza, na kutaka uamuzi mzito kama huo uangaliwe upya. Ukipuuzwa, malalamiko yanapelekwa kwa Tume.

"Akili mnemba inajua kila kitu na haina upendeleo"

Programu kama ChatGPT, iliyotoka Novemba 2022, imejengwa kwa kusoma maandishi mengi mno na kujifunza neno gani linaelekea kufuata jingine. Ndiyo maana inaandika kwa ufasaha hata pale isipokuwa na hakika. Mfanyabiashara mmoja wa vipuri alinionyesha jibu lake kuhusu kodi, limepangwa vizuri sana, na VAT ikawekwa asilimia 16. Hiyo ni ya Kenya. Kiwango cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18. Mwaka 2023 mahakama ya New York iliwatoza mawakili wawili na ofisi yao faini ya dola 5,000 kwa kupeleka hukumu zilizobuniwa na programu hiyo, kesi ambazo hazijawahi kuwepo.

Upendeleo nao upo, kwa sababu mashine inajua ilicholishwa. Utafiti wa Joy Buolamwini na Timnit Gebru wa mwaka 2018 ulipima programu za kutambua jinsia kwa kuangalia uso. Kwa wanaume weupe kosa halikuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi lilifika hadi asilimia 34.7. Mifumo imerekebishwa tangu hapo, lakini kila inapoletwa huduma inayotaka ujipige picha ya uso ili ihakiki ni wewe, tuna haki ya kuuliza ilijaribiwa kwa nyuso za nani.

Jambo jingine ni kumwaga humo taarifa za wateja. Mwaka 2023 Samsung iliwazuia wafanyakazi wake kutumia programu hizi baada ya baadhi yao kubandika humo siri za kampuni. Karani wa zahanati anayebandika historia ya mgonjwa ili apate barua nzuri ya rufaa ameitoa nje ya zahanati. Ondoa kwanza jina, namba na kijiji.

"Nani atashambulia kompyuta ya Tanga?"

Hakuna anayekulenga, na bado inakufikia. Juni 2017 programu haribifu ya NotPetya ilianzia Ukraine, kupitia programu ya kihasibu ya kodi iliyotumika huko. Haikuwa imewalenga watu wa meli, lakini Maersk, kampuni kubwa ya meli za mizigo, ilikuwa na kompyuta yenye programu hiyo ya kihasibu, na kwa saa chache bandari zake kadhaa duniani zikasimama, malori yakapanga foleni getini. Kampuni ililazimika kujenga upya seva 4,000 na kompyuta 45,000, na hasara ilikadiriwa kati ya dola milioni 250 na 300.

Kilichowaokoa kilikuwa Afrika. Nakala zote za mfumo wao unaotambua watumiaji zilikuwa zimefutika isipokuwa moja, ya ofisi yao ya Ghana, ambako umeme ulikuwa umekatika kabla ya shambulio na seva ikawa nje ya mtandao. Data ilisafirishwa kwa ndege mkononi hadi Uingereza.

Sisi wa mji wa bandari tuisikilize vizuri. Mawakala wa forodha ninaowahudumia wana hesabu za miaka kwenye kompyuta moja, yenye Windows ya kunakili, na flashi yao ya akiba imechomekwa humohumo mchana na usiku. Virusi vinavyofunga mafaili vitaifunga na flashi. Chukua diski mbili, uzizungushe, moja ikae nyumbani siku zote. Na mara moja kwa mwezi ifungue kwenye kompyuta nyingine uone kama mafaili yanasomeka.

"Nikishatapeliwa, basi"

Hapana, na dakika za mwanzo zina thamani kubwa. Piga 100 kwa mtandao wako mara moja, kwa sababu hela ambayo haijatolewa kwa wakala bado inaweza kuzuiwa. Ujumbe wa tapeli utume kwenda 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), nao watakuuliza namba yake. Kisha nenda kituo cha polisi ukiwa na kumbukumbu ya muamala. Udanganyifu kwa kutumia kompyuta na kujifanya mtu mwingine ni makosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Usifute jumbe hata kama zinakutia uchungu kuzisoma, maana bila hizo askari hana pa kuanzia.