Je, wajua kwa nini umri wa mfupa wa binadamu wa kale hutafutwa kwenye mchanga?

Habari za kugunduliwa kwa mabaki ya binadamu wa kale huja kwa kawaida na vitu viwili: picha ya fuvu au taya, na idadi kubwa ya miaka. Ni rahisi kudhani kwamba miaka hiyo imesomwa ndani ya mfupa wenyewe, lakini mara nyingi sivyo ilivyo. Njia inayojulikana zaidi, ya kupima kaboni 14, hufika ukingoni kwenye miaka 50,000 hivi, kwa sababu kaboni hiyo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730, na kinachosalia baada ya muda mrefu namna hiyo ni kidogo mno kupimika kwa uhakika. Safari nyingi za mwanzo za Homo sapiens, yaani binadamu wa aina yetu, ndani ya Afrika na kutoka Afrika kuelekea Asia, zilifanyika kabla ya ukomo huo. Umri wa wasafiri hao basi hutegemea sana udongo, mchanga na mawe walimolala, na vitu hivyo havisomeki mpaka wataalamu wa fani mbalimbali wapangiwe zamu ya kuvigusa kabla havijavurugwa.

Madhara ya kukosa mpango wa aina hiyo yanaonekana vizuri katika eneo la Jebel Irhoud nchini Moroko. Mwaka 1961 wachimbaji wa madini walikuta humo fuvu la binadamu, na kwa miaka mingi lilidhaniwa kuwa la mtu wa jamii ya Neanderthal, binadamu wa kale wa aina tofauti na yetu, aliyeishi miaka 40,000 hivi iliyopita. Hakuna aliyekuwa ameandika lilitoka tabaka gani hasa, na sehemu kubwa ya mashapo (udongo na mchanga uliorundikana) yaliyolifunika ilikuwa imekwisha kuondolewa. Uchimbaji mpya ulioanza mwaka 2004, ukiongozwa na watafiti Jean-Jacques Hublin na Abdelouahed Ben-Ncer, ulilenga sehemu ndogo iliyobaki bila kuguswa. Humo zilipatikana zana za gumegume, jiwe gumu lenye kukata, zilizoungua katika moto wa wakazi wa pango, pamoja na mifupa mipya. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2017 yalizipa zana hizo umri wa takriban miaka 315,000, na kuifanya mifupa hiyo kuwa miongoni mwa mabaki ya zamani kabisa yanayohusishwa na Homo sapiens.

Kilichonivutia zaidi katika kisa hicho ni jino moja. Lilitoka kwenye taya ya mtoto iliyopatikana hapo hapo katika miaka ya 1960, na mwaka 2007 lilitangazwa kuwa na umri wa miaka 160,000. Miaka 10 baadaye jino lile lile lilihesabiwa upya, likapata miaka 286,000. Jino halikuwa limebadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni vipimo vya mionzi ya mahali lilipokuwa limefukiwa.

Ili kuelewa jambo hilo, ni lazima kujua kwamba udongo wowote una chembe ndogo za urani, thori na potasi zinazotoa mionzi hafifu bila kukoma. Jino, gumegume au punje ya kwatsi (madini ya kawaida ya mchangani) iliyolala ardhini huhifadhi sehemu ya nishati ya mionzi hiyo mwaka baada ya mwaka. Ni sawa na kukuta pipa limewekwa chini ya bomba linalodondoka: ukijua pipa lina maji kiasi gani na hupokea kiasi gani kwa mwaka, utajua limekaa hapo kwa muda gani. Maabara inaweza kupima maji ya pipa hata kama iko bara jingine. Kasi ya matone, hata hivyo, hupimwa pale pale shimoni, kwa vifaa vinavyochomekwa ndani ya ukuta wa mashapo, na pengine kuachwa humo kwa miezi mingi. Aliyeng'oa mfupa na kuondoka nao bila kupima amebeba pipa na kuliacha bomba.

Punje za mchanga zina sharti jingine gumu zaidi. Nishati iliyohifadhiwa ndani ya punje ya kwatsi hufutwa na mwanga wa jua, na hesabu huanza upya siku punje hiyo inapofunikwa na punje nyingine. Hiyo ndiyo sababu ya mchanga kuweza kutaja wakati ulipozikwa. Na ndiyo sababu pia ya punje zilizopigwa na jua la mchana wakati wa kuchukuliwa kutofaa tena kwa kipimo. Mtaalamu hugongomelea bomba la chuma ndani ya ukuta wa shimo, hulichomoa likiwa limejaa, huziba ncha zote mbili papo hapo na kulifunga ndani ya mfuko mweusi. Wengine hufanya kazi hiyo usiku au chini ya turubai zito. Bomba hilo hufunguliwa baadaye katika chumba chenye mwanga mwekundu hafifu, na hata humo mchanga wa nchani hutengwa, kwa kuwa huenda ulipata mwanga wakati bomba likigongwa. Unyevu wa mchanga nao hupimwa, maana maji yaliyo kati ya punje hunyonya sehemu ya mionzi.

Siku hizi udongo huohuo hutafutwa pia na wataalamu wa jenetiki, kwa sababu imebainika kwamba DNA ya viumbe inaweza kubaki katika mashapo hata pasipo mfupa unaoonekana. Mtu wa DNA angependa kufika kwenye ukuta wa shimo kabla ya mwingine yeyote kuupumulia. Huvaa glovu na barakoa, akakwangua uso wa juu na kuchukua sampuli kutoka ndani. Katika pango la Denisova, kwenye milima ya Altai huko Siberia, sampuli 728 za mashapo zilichukuliwa kwa mpangilio katika matabaka ambayo umri wake ulikuwa umekwisha kupimwa kwa njia hiyo ya punje za mchanga. Matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha DNA ya binadamu wa kale katika sampuli 175, na kwa kuilinganisha na umri wa matabaka watafiti waliweza kusema ni lini Wadenisova (jamii nyingine ya binadamu wa kale) na Waneanderthal walipita humo, na kwamba DNA ya Homo sapiens inaanza kuonekana katika matabaka ya miaka 45,000 hivi iliyopita. Orodha ya DNA bila umri wa matabaka isingeeleza nani alitangulia.

Wakati mwingine uratibu huanza mbali na shimo. Katika jangwa la Nefud, kaskazini mwa Saudi Arabia, picha za setilaiti zilisaidia kutambua mahali palipokuwa na maziwa ya kale kabla wachimbaji hawajafika kwa miguu. Katika ziwa mojawapo lililokauka, Al Wusta, kulipatikana mwaka 2016 kipande cha mfupa wa kidole chenye urefu wa sentimita 3.2. Picha za skana zilitumika kukilinganisha na vidole vya binadamu wa leo, vya Waneanderthal na vya nyani, na kikabainika kuwa cha Homo sapiens. Upimaji wa urani ndani ya mfupa wenyewe ulitoa umri wa karibu miaka 88,000, na umri wa mchanga uliouzunguka ulikubaliana nao kwa jumla. Mifupa ya viboko iliyopatikana hapo iliongeza lile ambalo umri peke yake haukuweza kulisema, yaani kwamba mwenye kidole hicho hakuvuka jangwa kama tulionalo leo: palikuwa na maji ya kudumu na majani.

Maabara nazo hutofautiana. Mifupa ya mtu aliyezikwa kando ya Ziwa Mungo, Australia, iliyogunduliwa mwaka 1974, ilitangazwa mwaka 1999 kuwa na umri wa miaka 62,000, jambo ambalo lingebadilisha hesabu ya kufika kwa watu katika bara hilo. Wakosoaji walisema kwamba mchanga uliopimwa haukutoka kaburini bali mita mia kadhaa kutoka hapo. Mwaka 2003 ikatolewa hesabu nyingine, iliyotegemea sampuli 25 za mchanga zilizogawanywa kwa maabara nne, na umri wa kaburi ukashuka hadi miaka 40,000 hivi.

Umri si jambo pekee linalotunzwa na udongo. Katika pango la Panga ya Saidi, Kilifi, nchini Kenya, mifupa ya mtoto wa miaka mitatu hivi ilikuwa laini kiasi kwamba ingesagika kwa kuguswa. Kwa hiyo bonge zima la udongo lilivikwa plasta, likapelekwa Makumbusho ya Taifa Nairobi, kisha maabara moja ya Burgos, Uhispania, lifukuliwe polepole. Udongo uliolijaza shimo alimolazwa mtoto ulikuwa tofauti na ule wa pembeni, na hiyo ni mojawapo ya hoja zilizowawezesha watafiti kutangaza, mwaka 2021, kwamba mtoto huyo alizikwa kwa makusudi miaka 78,000 iliyopita.

Jenetiki ya watu walio hai ina kalenda yake, nayo huonyesha kwamba asili ya watu wa nje ya Afrika ni, kwa sehemu kubwa, msafara mmoja wa kati ya miaka 50,000 na 60,000 hivi iliyopita. Lakini taya ya pango la Misliya, nchini Israeli, iliyopimwa kwa njia zaidi ya moja, ina miaka kati ya 177,000 na 194,000. Watafiti wengi hulipatanisha hilo kwa kusema kwamba misafara ya awali ilikuwapo, ila haikuacha kizazi kikubwa kinachoonekana katika DNA yetu.

Mjadala mkali zaidi unahusu Apidima, kusini mwa Ugiriki. Mafuvu mawili yalitolewa humo mwishoni mwa miaka ya 1970, yakiwa ndani ya bonge la mawe yaliyoshikamana lililokwama juu kati ya kuta za pango, pasipo zana wala tabaka lolote la kuyahusisha nalo. Mwaka 2019 kundi moja lilitangaza kwamba mojawapo ni la Homo sapiens wa miaka 210,000 iliyopita. Mwaka uliofuata wengine walipinga, wakisema mafuvu yote mawili yanaelekea kwa Waneanderthal. Umri ulipatikana kwa urani iliyomo katika mafuvu na katika bonge lenyewe, na sehemu ya nyuma ya fuvu moja ndiyo inayobishaniwa kwa umbo lake. Mchanga wa kuulizwa haupo.