Jibu Sahihi, Sababu Potofu: Simu Inavyompima Mwalimu Tarajali

Mbona Mombasa huwa na joto zaidi Januari kuliko Julai? Mwalimu tarajali akijibu kwamba dunia huwa imelisogelea jua, ana ushahidi wake. Mapema Januari tuko kilomita milioni 147 kutoka kwenye jua, na mapema Julai milioni 152. Namba zinaoana kabisa na jasho la kaskazi! Ila Januari hiyo hiyo London wanatetemeka kwa baridi. Misimu huletwa na mhimili wa dunia ulioinama nyuzi 23.5 hivi: Januari ni nusu ya kusini, na sisi tumo, inayoelekea jua. Julai kusi nayo hutuletea mawingu na ubaridi.

Karatasi ya A, B au C haiwezi kufichua kosa kama hilo. Ndiyo maana napendelea maswali ya ngazi mbili, mtindo alioueleza mtafiti wa elimu ya sayansi David Treagust mwaka 1988: chagua jibu, kisha chagua sababu. Mimi huongeza la tatu: una uhakika kiasi gani? Anayekosea huku ameshikilia ana kazi kubwa kuliko anayebahatisha, na kesho ndiye atakayekuwa mbele ya watoto wa Gredi ya 5.

Kusahihisha maswali hayo kwa mkono ni adhabu. Kwa simu, kipindi hakijaisha nimeshaona ni sababu gani potofu iliyowavuta wengi, nasi twaijadili papo hapo, bila kumtaja mtu. Bando? KoboToolbox, programu ya kukusanyia majibu, hukuwezesha kujaza fomu bila mtandao na kuituma baadaye. Chaji ndiyo bado hunisumbua.

Lakini ukiuliza lile ambalo intaneti inalijibu, utakuwa umeipima intaneti. Kwa hiyo nawatuma ufuoni Nyali wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Wapige picha mahali pamoja maji yakiwa yamejaa, warudi baada ya saa sita hivi yakiwa yamekupwa, waandike saa na hali ya mwezi, kisha wajirekodi kwa sauti wakieleza walichokiona. Tofauti ya kina hufika mita 3 au zaidi, haihitaji macho makali. Atakayesema upepo ndio uliosukuma maji, nitamrudisha siku ya shwari.