Ukinzani wa homoni ya ukuaji baada ya upasuaji

Siku ya pili baada ya kupasuliwa tumbo, nesi anamtoboa mgonjwa kidole na kipimo kinasoma sukari 11. Mgonjwa anashtuka: "Lakini mimi sina kisukari!" Pengine kweli hana. Kwa mwili, kisu cha daktari ni jeraha kama jeraha lingine, na unapojeruhiwa humwaga homoni za kotisoli, adrenalini na glukagoni. Hizo huliamuru ini litoe sukari, tena huifanya insulini, homoni ya kushusha sukari, isisikilizwe. Misuli nayo humeng'enywa ili protini yake ikazibe kidonda. Miaka ya 1930, huko Glasgow, Uskoti, mtafiti David Cuthbertson aliiona hasara hiyo kwenye mkojo wa watu waliovunjika mifupa: nitrojeni, ambayo ni sehemu ya protini, ilikuwa ikiwatoka kwa wingi. Ndiyo maana mapaja hunywea hata kama uji unaletwa kila asubuhi.

Sasa ukinzani wenyewe. Homoni ya ukuaji hutoka kwenye tezi iliyo chini ya ubongo. Ikifika kwenye ini, ini hutoa IGF-1, kichocheo cha ukuaji kinachofanana na insulini, na sehemu kubwa ya ujenzi wa msuli hutegemea hicho. Baada ya upasuaji mkubwa homoni hupanda, ila IGF-1 hushuka: ini haliitikii, na huo ndio ukinzani. Msimamizi anafoka, fundi hajakoroga hata zege.

Madaktari wakajaribu kuongeza sauti ya msimamizi, yaani kuchoma sindano za homoni. Wazo halikuwa la kijinga: kwa watoto walioungua vibaya, sehemu zilizochunwa ngozi ya kupandikiza zilipona haraka zaidi. Lakini mwaka 1999 yalichapishwa majaribio mawili ya Ulaya, jumla ya watu wazima 532 waliokuwa mahututi, wakiwemo waliotoka kupasuliwa moyo au tumbo. Kule Finland, kati ya waliopewa homoni walikufa asilimia 39. Waliopewa sindano zisizo na dawa, asilimia 20. Katika jaribio la pili ilikuwa 44 kwa 18. Dozi ilikuwa kubwa mno, na sukari zilipanda.

Kichocheo kingine cha ukuaji, PDGF, kinachotolewa na chembe za kugandisha damu, kilipata kazi ya juu juu, kwa maana halisi ya neno: ni jeli ya kupaka vidonda vya miguu vya wenye kisukari, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1997.

Kwa ukaidi wa mwili dhidi ya insulini, kilichosaidia kimetoka karibu na jikoni. Badala ya kumzuia mgonjwa kula na kunywa tangu usiku, utaratibu mpya humruhusu asiye na kisukari kunywa kinywaji chepesi chenye wanga hadi zibaki saa mbili kabla ya kulazwa usingizi, kwa idhini ya daktari wa usingizi. Kesho yake huamshwa kitandani, atembee.