Matokeo katika ripoti ya maabara ya biolojia: nini kinaandikwa na nini kinasubiri

Matokeo ni sehemu ya ripoti inayoeleza kilichoonekana, kilichopimwa au kilichohesabiwa wakati wa jaribio. Basi. Kwa nini kimetokea, kina maana gani, kinakubaliana na nadharia au la, hayo yana sehemu yake, yaani mjadala, na baada ya mjadala ndipo huja hitimisho. Kwa kusema, mpaka huo ni rahisi. Kwenye karatasi ndipo watu wanapouvuka bila kujijua.

Chukua jaribio la kutafuta wanga kwenye chakula. Unadondosha matone ya iodini kwenye unga wa muhogo uliokorogwa na maji, na rangi ya kahawia inageuka bluu iliyokoza inayokaribia weusi. Mwanafunzi anaandika kwenye safu ya matokeo: "Wanga upo." Lakini hakuna aliyeuona wanga. Kilichoonekana ni rangi. Wanga ni tafsiri ya rangi hiyo, na nafasi yake ni safu inayofuata. Kwenye matokeo inatakiwa rangi ya mwanzo na rangi ya mwisho.

Jaribio la Benedict la kutafuta sukari linadai uangalifu zaidi. Mchanganyiko wa chakula na kimiminika cha bluu cha Benedict ukipashwa moto huweza kutoka bluu ukawa wa kijani, manjano, rangi ya chungwa au nyekundu ya matofali, kutegemea kiasi cha sukari iliyomo. Anayeandika "rangi ilibadilika" ametupa nusu ya alichokipata. Na isipobadilika? Usiache nafasi wazi, wala usiandike "hakuna kitu". Andika kwamba mchanganyiko ulibaki na rangi ya bluu baada ya kupashwa moto. Kutobadilika nako ni matokeo.

Utengano huu haukuletwa na ukali wa wasahihishaji. Tafsiri huweza kuwa na kosa huku vipimo vikiwa sahihi, na msomaji ana haki ya kuvipata vipimo peke yake. Gregor Mendel, mtawa aliyepanda njegere kwenye bustani ya monasteri huko Brno, alichapisha kazi yake mwaka 1866. Hakuishia kusema kwamba mbegu za mviringo zilikuwa kama mara tatu ya zile zilizokunjamana. Aliandika kwamba kati ya mbegu 7,324, za mviringo zilikuwa 5,474 na zilizokunjamana 1,850, halafu ndipo akatoa uwiano: 2.96 kwa 1. Mwaka 1936 mwanatakwimu Ronald Fisher alizipitia upya hesabu zake na kudai kwamba, zikichukuliwa kwa pamoja, zinaikaribia nadharia kupita kiasi kinachotarajiwa kwa bahati. Dai hilo limebishaniwa kwa miongo mingi. Yeyote aliye na haki katika ubishi huo, usingewezekana hata kuanza kama Mendel angeandika "3 kwa 1" na kwenda zake.

Uwiano, wastani na asilimia ni matokeo pia, kwa kuwa vimetoka kwenye vipimo vyenyewe bila kuongezewa maelezo. Tena mara nyingine vipimo vitupu hupotosha. Tuseme umetumbukiza vipande vya kiazi mviringo kwenye maji. Kimoja kilikuwa gramu 2.50 kikawa 2.80, kingine kilikuwa 3.10 kikawa 3.40. Vyote viwili vimeongezeka gramu 0.30, lakini cha kwanza kimeongezeka kwa 12.0% na cha pili kwa 9.7%. Ndiyo maana hapa tunalinganisha asilimia: uzito wa mwisho toa wa mwanzo, gawanya kwa wa mwanzo, zidisha kwa 100. Kipande kikipungua, alama ya kutoa isidondoke njiani.

Jedwali lina adabu zake, nazo hazihitaji maneno mengi. Liwe na kichwa kinachosema kilichopimwa. Kipimo, kwa mfano gramu, kiandikwe juu ya safu mara moja, si kwenye kila chumba. Mzani ukisoma desimali mbili, andika 2.50, usiandike 2.5. Na ile 9.677419 iliyotokea kwenye kikokotoo iache hukohuko kwenye kikokotoo.

Ukiweka viazi hivyo kwenye maji ya sukari ya viwango mbalimbali, grafu itakufaa kuliko jedwali: kiwango cha sukari kwenye mhimili wa mlalo, asilimia ya badiliko la uzito kwenye wa wima. Mahali mstari unapokata sifuri ndipo kiazi hakiongezeki wala hakipungui. Kwa kiazi mviringo mara nyingi ni kati ya moli 0.2 na 0.4 za sukari kwa lita (moli ni kipimo cha kiasi cha kemikali). Chini ya grafu weka sentensi mbili tatu: "Vipande vilivyokaa kwenye maji matupu viliongezeka uzito. Ongezeko lilipungua kadiri sukari ilivyozidi, na kwenye viwango vya juu vipande vilipungua uzito." Neno osmosisi, yaani maji kupenya utando wa seli kuelekea penye sukari nyingi zaidi, halijatajwa hapo, na ndivyo inavyotakiwa. Litaingia kwenye mjadala, pamoja na habari za utando wa seli.

Kinachobaki kuwasumbua wengi ni kipimo kilichokataa kufuata wenzake. Vipande viwili vimeongezeka kwa karibu 12%, cha tatu 31%. Kishawishi ni kukifuta, au kukirekebisha ili jedwali lipendeze. Kiandike kama kilivyo na ukiwekee alama. Kama hukukiingiza kwenye wastani, sema wazi kwamba hukukiingiza. Dhana yako kwamba huenda hakikufutwa maji kwa karatasi kabla ya kuwekwa kwenye mzani ina mahali pake, nayo inasubiri ukurasa wa mjadala.