Kwa nini kupe wa mbuzi wa Idi hapasuliwi kwa kucha?

Siku chache kabla ya Idi ya mfunguo tatu, pita vichochoro vya Majengo au Kisauni, Mombasa, usikie milio ya mbuzi. Kafungwa kamba uani, anatafuna maganda ya ndizi, na watoto hawamwachi. Mmoja atamkunja sikio, aone kupe kavimba damu kama punje ya mbaazi, amng'oe na kumpasua kwa kucha za vidole gumba. Pwaa! Wenzake wacheke. Nani kati yetu hakuucheza mchezo huo?

Shida ni ile damu inayoruka. Kupe wengi hubadili wanyama wanapokua: huyu anyonywe, kupe aanguke, kisha apande mwingine, na vijidudu avibebe. Wengi hawana kitu, lakini kwa macho hutawajua. Kibaya zaidi ni kirusi cha homa ya Krimea-Kongo, iliyotambuliwa Krimea mwaka 1944, kisha Kongo 1956. Hukaa katika damu ya mbuzi au ng'ombe kama wiki moja, na mnyama haonyeshi dalili yoyote. Anayeugua ni mtu, aliyeumwa na kupe au aliyeingiwa na damu hiyo kwenye mchubuko wakati wa kuchinja au wa kumpasua kupe. Shirika la Afya Duniani linasema milipuko yake huua watu 10 hadi 40 katika kila wagonjwa 100. Nyama iliyopikwa ikaiva haina neno.

Kwetu si ugonjwa wa kila siku. Iko pia homa ya kupe ya bakteria, nyepesi zaidi: homa, kichwa kuuma, na kigaga cheusi pale ulipoumwa. Ukipimwa malaria ukaambiwa huna, mtajie daktari habari za mbuzi, dawa iitwayo doksisaikilini huitibu.

Kupe akikung'ata, mafuta ya taa na njiti ya kibiriti havifai, maana humfanya atapike ndani ya ngozi. Mshike kwa kibanio cha nyusi karibu kabisa na ngozi, mvute polepole, kisha nawa kwa sabuni. Mchinjaji naye avae glavu.

Ila kinga kubwa hufanyika huko mbuzi anakotoka, mbali na Mombasa: mnyama aogeshwe dawa ya kupe wiki mbili kabla ya kuchinjwa. Basi ukienda kununua, ukishamaliza kukagua meno na pembe, uliza aliogeshwa lini. Muuzaji akijibu kwa fahari, "Jana tu!", kupe wamekufa kweli, lakini kama walimwachia kirusi juzi, bado kimo damuni.