Jinsi mfadhaiko unavyoulegeza msuli wa moyo

Mgonjwa anayefikishwa kwetu akiwa na maumivu ya kifua, pumzi inayokatika na mabadiliko kwenye kipimo cha umeme wa moyo, saa chache tu baada ya kufiwa au kunusurika ajali, huhudumiwa kwanza kama mwenye shambulio la moyo, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Ni pale tunapoipiga picha mishipa ya koroneri, inayoulisha moyo wenyewe damu, na kuikuta haina kizuizi kinachoweza kueleza hali yake, huku ncha ya ventrikali ya kushoto, chumba cha moyo kinachosukuma damu mwilini, imetanuka kama puto na haijikazi, ndipo tunapoufikiria ugonjwa wa takotsubo, ambao Hikaru Sato na wenzake waliueleza nchini Japani mwaka 1990. Maelezo mengi ya ugonjwa huu huishia kwenye habari ya moyo uliovunjwa na huzuni, na humwacha mgonjwa akiamini kwamba shida yake ni ya hisia tu, ilhali kinachotokea ndani ya seli zake kinaonekana na kinapimika.

Mambo huanzia kwenye ubongo. Amigdala na hipothalamasi, sehemu za ubongo zinazoshughulikia hofu na mfadhaiko, zikitambua hatari huziamsha neva za simpathetiki, zile zinazouandaa mwili kukabili hatari, ambazo humwaga homoni ya noradrenalini moja kwa moja ndani ya msuli wa moyo, nazo tezi za adrenali zilizo juu ya figo humimina adrenalini kwenye damu. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walichapisha taarifa za wagonjwa 19 wa takotsubo, na kwa wale waliopimwa, viwango vya homoni hizi vilikuwa mara mbili hadi tatu ya vile vya watu wenye shambulio la moyo lililokwisha kuyajaza mapafu maji. Ushahidi unaonishawishi zaidi, hata hivyo, unatoka kwa wagonjwa wasio na huzuni yoyote: uvimbe wa tezi ya adrenali unaotoa homoni hizi kwa wingi, damu kuvuja kuuzunguka ubongo, au sindano ya adrenalini iliyozidi kipimo, vyote vinaweza kuleta picha ileile ya moyo.

Katika hali ya kawaida adrenalini hushika vipokezi vya beta, yaani protini za kwenye utando wa seli zinazoipokea homoni, vipokezi huiamsha protini iitwayo Gs, na mnyororo unaofuata huingiza kalisiamu ndani ya seli, ambayo ndiyo inayoufanya msuli ujikaze. Kalisiamu ikizidi mno, nyuzi za msuli hujikaza kupita kiasi na kushindwa kulegea vizuri, mitokondria, vinu vya nishati vya seli, huelemewa, na seli zikaanza kuumia. Hapo ndipo linapotokea jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha ugonjwa huu. Kipokezi cha beta-2 kinapokutana na adrenalini nyingi sana huiacha protini ya Gs na kuigeukia nyingine, Gi, inayofanya kinyume chake, yaani kupunguza nguvu ya kujikaza. Vipokezi hivi ni vingi zaidi kwenye ncha ya moyo kuliko sehemu iliyo karibu na vali, na kwa hiyo ncha hulala huku sehemu ya juu ikiendelea kupiga kwa nguvu zote. Katika majaribio ya panya yaliyochapishwa mwaka 2012, adrenalini nyingi ilileta hali hii, noradrenalini haikuileta, na watafiti walipoizuia Gi ncha haikulegea lakini vifo viliongezeka. Ninavyoyasoma matokeo hayo, seli hupunguza kazi ili zisife.

Mishipa midogo ya damu nayo hubanwa na homoni hizohizo, jambo linalochangia, ingawa sidhani kama peke yake linaeleza mpangilio huu. Takribani wagonjwa 9 kati ya 10 ni wanawake, wengi wao wakiwa wamekoma hedhi, na upungufu wa estrojeni, homoni ya kike ambayo husaidia kutanua mishipa na kupunguza makali ya mfumo wa simpathetiki, ni maelezo ya msingi, japo hayakamiliki kwa sababu wanaume na wanawake vijana pia huugua.

Picha za MRI huonesha msuli uliojaa majimaji, lakini kwa kawaida bila kovu. Troponini, protini inayovuja seli za moyo zinapoumia, hupanda kwa kiwango cha chini kuliko tunavyotarajia tukiangalia ukubwa wa eneo lililolegea. Kwa wagonjwa wengine sehemu ya juu hujikaza mno hata ikaziba njia ya damu kutoka kwenye ventrikali, na kwao dobutamini, dawa ya kuongeza nguvu za moyo, inaweza kushusha zaidi shinikizo la damu. Ndiyo maana siagizi dawa za jamii hiyo kabla ya kuitazama njia hiyo kwa ekokadiogramu, picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti.

Nguvu ya kusukuma damu hurudi baada ya siku au wiki kadhaa. Hata hivyo, vipimo vya kemia ya nishati ndani ya moyo vimeonesha upungufu unaoendelea kwa miezi baada ya hapo, na mgonjwa anayelalamika kwamba anachoka akipanda ngazi huku ekokadiogramu yake ikisomeka sawa, mimi humwamini na huendelea kumfuatilia.